Ubao Kati Yangu na Mama Mkwe

Tangu nirudi, sipiti sokoni bila mtu kunikamata mkono na kuniuliza kama ni kweli nilimbeba mama mkwe wangu ndani ya kabati. Nimeeleza mpaka nimechoka, na kila nikieleza mtu anatia chumvi yake. Juzi nimesikia kwamba kabati lenyewe lilikuwa na kitasa. Basi naandika. Atakayesoma amsomee mwenzake, nami niachwe ninunue maharage yangu kwa amani. Habari za vibali na za kupanga foleni ofisini siziandiki, kila mmoja wenu anazo zake.

Sebuleni kwangu, Mazwi

Pikipiki mnaijua. Ni ile ndefu yenye tangi kubwa, iliyoachwa na wapima barabara mradi wao ulipokwisha. Mimi nilikuwa dereva wa shirika. Shirika likafungwa, tukaambiwa sasa ni soko huria, kila mtu ajitafutie, nami nikajitafutia pikipiki. Nia yangu ilikuwa kuchukua samaki wakavu bondeni na kuwaleta mjini, na tayari nilikuwa nimenunua bampa ya kukinga injini kwa wauza vyuma wa Tunduma.

Jumapili moja padri akatangaza kwamba madaktari wa macho wamefika kwenye hospitali moja ya misheni upande wa Mbeya. Watakaa wiki mbili, Ijumaa ya wiki ya pili wanafunga kazi. Wanatoa mtoto wa jicho. Mke wangu Kabula akanifinya mkono hata nikasahau kuitikia sala. Mama yake, anayeishi Muze, chini bondeni, alikuwa mwaka wa pili haoni. Binti yetu wa miezi minane anaitwa Nkwimba, jina la huyo bibi, na bibi alikuwa anamjua kwa vidole tu: pua hii, sikio hili.

Mvua mnazikumbuka. Basi lilikuwa limeacha kuja, malori yamezama huko mbele ya Laela, kwenye njia ya Mbeya, na watu wanapika kando ya barabara kama wamehamia. Palipobaki ni pa kupita pikipiki.

Tabu haikuwa barabara. Tabu ilikuwa adabu. Mimi Mfipa, mke wangu Msukuma, na kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani, hawatazamani machoni, hawali pamoja. Hata maneno hupitia kwa mtu wa tatu. Kabula alituma ujumbe Muze kwa muuza mchele, na jibu likarudi na muuza mchele yuleyule: "Nitapanda. Lakini asiniguse, nami nisimguse."

Nikamwita jirani yangu Mzee Gaudensi, aliyezeekea kwenye karakana ya misheni. Akaizunguka pikipiki mara mbili, akasema, "Tutamjengea kiti chake, na ukuta." Kwa sababu ya mvua tulifanyia kazi sebuleni. Tuling'oa siti ya nyuma, tukafunga keria ya chuma cha pembe, na juu ya keria tukachomelea kiti chenye egemeo na mikono, kilichokuwa kiti cha ofisi ya shirika. Kila upande tukafunga sanduku la bati nene. Juu yake pakawa pa kuwekea miguu. Chini ya sanduku la kushoto tukaweka kidaraja cha kupandia, ili asihitaji mkono wa mtu. Kisha ubao. Ulikuwa mlango wa kabati letu la vyombo, na ndiyo asili ya uongo wenu. Tukausimamisha kati ya siti yangu na kiti chake kwa bolti nne, tukautia vishikio viwili upande wake. Nilipokaa mbele na Kabula nyuma, ubao ulimfikia kidevuni, na hata nilipoegemea kwa nguvu sikumgusa.

Kazi ilikula wiki nzima. Kabula alikuwa anapita na mtoto mgongoni, anatazama, hasemi. Jumatatu jioni Mzee Gaudensi akakaza nati ya mwisho, akafuta mikono, tukasimama kuisifu kazi yetu. Ndipo Kabula akauliza, "Na mlango?"

Tukapima. Masanduku yalikuwa yamezidi mlango kwa shibiri nzima. Watu wazima wawili, mmoja mwenye cheti cha ufundi, tulikuwa tumejenga pikipiki ndani ya nyumba isiyoweza kuitoa. Mzee Gaudensi akasema masanduku yafunguliwe. Nikamkumbusha kwamba tumeyachomelea, kwa ushauri wake. Mwishowe tuling'oa fremu ya mlango kwa mtaimbo, na jirani zangu mlikuja kuangalia, msijifanye hamkuwepo. Usiku ule tulilala na turubai mlangoni.

Mazwi hadi Muze

Jumanne nilishuka peke yangu. Kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa maji yalikuwa yamechimba mifereji katikati ya njia, na kile kiti kitupu kilikuwa kinacheza nyuma yangu kama kimepandwa na pepo. Nilifika Muze jioni, joto la bondeni limenivua koti na sweta.

Shemeji yangu Masanja, mdogo wake Kabula, alinipokea zizini. Mama mkwe alikuwa ndani. Nikachuchumaa mbali na mlango, nikageukia ng'ombe, nikasema, "Shikamoo mama." Masanja akaipeleka, akarudi na marahaba.

Kisha mama akatoka na fimbo yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye pikipiki, mimi nikarudi nyuma hatua kumi. Aliipapasa yote, polepole, kuanzia gurudumu la nyuma. Akagonga masanduku. Akatikisa kiti. Alipofika kwenye ubao akaupima kwa mikono yote miwili, juu, chini, pembeni, akatafuta kama kuna tundu. Akamwambia Masanja kwa Kisukuma, naye akanitafsiria: "Anasema aliyefikiria ubao huu amelelewa."

Jamani, wiki nzima ya kuungua mikono ikanitoka mwilini pale pale. Nilikula wali na samaki nyuma ya zizi nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Muze hadi Mazwi, kupanda

Asubuhi mama alitoka na gunia dogo la mchele na jogoo. Nikasema jogoo hapana. Masanja akapeleka ujumbe, akarudi akisema jogoo ni wa mjukuu. Jogoo akaingia sanduku la kulia, kichwa nje.

Tulipoacha kijiji ndipo nilipogundua tulichosahau. Masanja alibaki nyuma, na sasa hapakuwa na mtu wa tatu. Mlima ulipoanza, gurudumu la mbele likawa jepesi, likainuka kidogo, usukani ukawa hauna kazi. Nikasimama, nikakuna kichwa. Nyuma ya ubao nikasikia sauti:

"Wewe pikipiki. Mwambie huyo anayekuendesha mchele uende mbele. Hata punda hapakiwi makalioni."

Nikafikiri kidogo. Nikajibu, "Pikipiki, mwambie mama nimesikia." Nikahamisha gunia juu ya tangi, na gurudumu likashika ardhi. Tangu hapo ndivyo tulivyozungumza. Mwenzetu wa tatu tulikuwa tumemkalia.

Nusu ya mlima akasema tena, "Pikipiki, unagonga mguu wa kushoto." Mimi sikusikia kitu. Nikasimama kwa heshima tu, nikainama, nikakuta kiungo cha mguu wa kiti kimekatika. Kile cha Mzee Gaudensi, alichokiita cha milele. Kingetoka wakati wowote, na mama angekwenda nacho korongoni. Nikaeleza hali kwa pikipiki. Waya sikuwa nao. Nilikaa juu ya jiwe nikatamani kulia, maana ilikuwa Jumatano na madaktari wanaondoka Ijumaa.

Mama akashuka kwa kidaraja chake. Akafungua mzigo wake, akavuta ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe uliokuwa umeufunga, akauloweka kwenye dimbwi kwa muda wa kutosha, huku akiniambia kupitia kwa pikipiki nisimame mbali. Kisha akauzungusha kwenye chuma kilichokatika kwa vidole vyake vinavyoona, akivuta kwa goti, mzunguko juu ya mzunguko, akamaliza kwa fundo ambalo mpaka leo sijui limeanzia wapi. Ekzosi ilikuwa inapita karibu na hapo. Joto lake likaikausha ngozi, na kadiri ilivyokauka ndivyo ilivyobana. Tulipofika Mazwi ilikuwa ngumu kuliko chuma chenyewe. Mzee Gaudensi aliigonga kwa nyundo, akaondoka bila kuaga.

Mazwi hadi Laela, na mbele kidogo

Alhamisi tulitoka na baridi ya kwetu. Kabula alimvika mama koti langu la jeshi la mitumba, akamweka mtoto mapajani mwake kwa muda, kisha akamchukua.

Laela tulisimama kununua petroli ya chupa. Mzee mmoja akaja, akaupapasa ubao, akauliza kabati bei gani. Nikamwambia si la kuuza. Akauliza, kama si la kuuza mbona nimempandisha mama juu yake alitangaze? Mama akacheka mpaka kiti kikatikisika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kicheko chake, na nikaona kimefanana na cha Kabula, kinaanzia puani.

Mbele ya Laela tukakuta malori. Tulipita pembeni, kwenye majani, watu wakitushangilia kutoka kwenye vivuli vya matrela. Nikavimba kichwa. Mwenye kuvimba kichwa haoni shimo. Gurudumu la mbele likaingia, pikipiki ikalala ubavu, bampa ikaokoa mguu wangu, kioo cha pembeni kikavunjika, na mama mkwe akakaa katikati ya tope jeusi.

Nilimkimbilia. Nikanyoosha mikono, nikaisimamisha hewani. Naye alikuwa amenyoosha mkono wake, akaurudisha. Tukawa hivyo, yeye kwenye tope hadi kiunoni, mimi nimesimama kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya, na madereva wa malori wanatutazama. Mmoja akaita, "Mshikaji, mnyanyue mama."

Nikaokota fimbo yake, nikamwelekezea ncha moja, nikasema, "Pikipiki, mwambie mama fimbo iko mbele yake." Akaishika. Nikavuta. Akatoka, akajipangusa uso, akauliza, "Pikipiki, jogoo mzima?" Jogoo tulikuwa tumemwacha kwa mjukuu, nikamkumbusha. Akasema basi hakuna kilichoharibika.

Mvua ilitulazimisha kuingia nyumba moja ya wakulima. Mama mwenye nyumba, mtu mkarimu kabisa, akasonga ugali wa ulezi, akaweka maharage, sahani moja, maji ya kunawa, akatuita. Nikachukua matonge yangu nikatoka nje, nikala nimesimama chini ya upenu, maji yakiniingia shingoni. Yule mama akanifuata.

"Wewe kijana, unamwacha mama yako ale peke yake, tena haoni? Umelelewa wapi?"

"Si mama yangu. Ni mkwe wangu."

Akanitazama, akatazama pikipiki na ubao wake, akashika kiuno. "Sasa nimeelewa lile dude," akasema. Akaniongezea maharage, na usiku akamlaza mama kwenye kitanda chake mwenyewe, mimi jikoni.

Hadi Mbeya

Ijumaa tulianza kabla jua halijatoka. Tope, tope, daraja la magogo, tope. Tulifika Tunduma saa sita na nusu. Nilinunua chapati nne, mbili nikazipitisha juu ya ubao zimefungwa kwenye gazeti. Halafu lami. Enyi msiowahi kutoka kwenye tope la siku mbili mkaingia lami, sijui niwaeleze vipi. Niliimba. Nyuma yangu mama naye akaanza kuimba wimbo wao wa kulimia, tukaenda hivyo, kila mtu na wimbo wake, upepo ukivuta koti la jeshi.

Saa tisa tulikuwa getini. Wodini nesi alikuwa anakusanya makaratasi. Akasema orodha imefungwa, wa mwisho yuko ndani, wageni wanafunga vyombo vyao.

"Dada, tumetoka Muze."

"Hata mngetoka mbinguni, kaka."

Nilitoka nje, mama bado amekaa kwenye kiti chake, tope limemkauka mwili mzima, anasubiri nimwambie. Niliona aibu kuliko siku shirika lilipofungwa.

Daktari mmoja mfupi mwenye kipara akawa ametoka kuvuta hewa, aproni bado kiunoni. Akaja taratibu, akaizunguka pikipiki kama Mzee Gaudensi alivyoizunguka. Akagusa kidaraja, masanduku, ile ngozi. Akafika kwenye ubao.

"Na huu wa nini?"

"Wa heshima," nikamjibu. "Huyu ni mama mkwe wangu."

Akacheka kidogo, kisha hakucheka. Akauliza tumetembea siku ngapi. Nikasema tatu. Akasimama mbele ya mama, akamwinua kope kwa kidole gumba, akamwita nesi: "Fungua vyombo. Mwogeshe kwanza, halafu mlete. Huyu ni wangu."

Kurudi

Alifanyiwa jicho moja, la kulia. Daktari akakataza safari kwa siku kumi, tukakaa kwenye nyumba za wasindikizaji, yeye upande wa wanawake, mimi wa wanaume. Alipewa miwani minene na amri: asiivae mpaka jicho lipone, na barabarani ajifunike uso, vumbi lisimwingie. Siku ya kuondoka mvua zilikuwa zimekatika na basi limeanza tena. Nikamwambia, kupitia kwa nesi, kwamba sasa apande basi apumzike. Jibu likaja: "Nilikuja na pikipiki." Akapanda kiti chake, kitenge usoni, na nikaendesha kama nimebeba mayai, siku tatu.

Wiki chache baadaye, asubuhi, sebuleni kwangu penye fremu mpya, alivaa miwani. Mimi nilikuwa nje, ndivyo inavyotakiwa, lakini kwenye fremu bado palining'inia turubai, nalo lilikuwa na tundu. Alimwangalia Nkwimba muda mrefu sana. Akamgusa pua, akamgusa sikio, kama anahakikisha ndiye. Kisha akamwambia Kabula, "Ana miguu ya wanaume wa huku." Mnajua miguu yetu ya milimani. Kabula alicheka huku analia, nami nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia bila kucheka.

Muze, mara ya pili

Siku ya kumrudisha, Kabula aliniambia nifunge kioo cha pembeni badala ya kile kilichovunjika. Nikatoa kidogo cha pikipiki. Akasema, "Weka kikubwa." Akaniletea cha lori, alichokinunua mwenyewe, kipana kama sinia. Nikadhani anahofia usalama wangu. Nikakifunga kwenye mkono mrefu wa chuma, kikatokeza nje ya ubao. Mama alikuwa anakagua fundo lake la ngozi kwa miwani. Akaiambia pikipiki kwamba limekaa vizuri, wala hakuna haja ya fundi mwingine.

Tukashuka Lyamba lya Mfipa asubuhi, njia kavu. Kwenye kona ambapo bonde lote linafunguka, ziwa Rukwa likilala jeupe huko chini, nilipunguza mwendo ili alione. Nikatupa jicho kwenye kioo nione kama yuko salama.

Alikuwa hatazami ziwa. Miwani ile minene ilikuwa imejaa kioo chote, inanitazama mimi: kipaji, pua, kovu la kidevuni, bila haraka, kama alivyomtazama mtoto. Miaka minne nimemwoa binti yake, hajawahi kuniona. Na hakuna mila inayosema chochote juu ya kioo. Nikashindwa kuondoa macho. Nadhani nilitabasamu.

"Angalia barabara, baba," alisema.

Hakumtuma pikipiki. Nikaangalia barabara.